Mawe ya Athman, Paa la Dahabo

Garsen,
8 Julai 1956

Kwa Mjomba wangu Swaleh, Kipini.

Salamu nyingi. Mimi nimefika, isipokuwa mgongo ambao nadhani umebaki Witu, kwa sababu lori lilipakia mawe yetu na mimi nikakalishwa juu ya mawe. Kazungu, yule Mgiriama mpakia mizigo, alicheka njia nzima. Alisema hajapata kuona fundi anayeyaatamia mawe. Ndiye atakayekuwa akituletea barua, kwa hiyo nimenyamaza.

Arafa, najua wewe ndiye unayemsomea Baba. Msomee taratibu, na usiruke.

Mjomba, nyumba ni ya Hiribae, Muorma mwenye ng'ombe wasiohesabika, mtu mkarimu na mrefu ambaye kila mlango wa mji huu humlazimisha kuinama. Mwaka jana alikwenda Lamu kwa kesi ya ndugu yake, akalazwa siku tano katika nyumba ya mawe, na tangu arudi hana mazungumzo mengine. Anataka nyumba kama ile: daka la kupokelea wageni, kiwanda katikati, ua wa wazi usio na paa, kisha msana wa kukaa wenyeji, halafu chumba cha ndani. Nimemchorea mchangani akapiga makofi. Nitamtilia zidaka ishirini na nne, vishubaka vya kupangia vyombo, katika ukuta wa ndani, safu nne, watu wa Garsen wajue Kipini kuna mafundi. Mlango utatazama barabara, ili kila anayepita aione nakshi.

Ardhi tu ndiyo inanitisha. Ni udongo mweusi. Jua likiwaka unapasuka mpaka mguu unaingia, na wanasema mvua ikinyesha unavimba. Nifanyeje?

Mkewe anaitwa Dahabo. Wanakaa katika nyumba ya Kiorma, ya mviringo, fito zimepindwa zikafunikwa nyasi na mikeka, hatua arobaini tu kutoka ninapochimba. Hukaa mlangoni akisuka, na tangu nije hajageuza shingo kunitazama. Nadhani ni mwanamke mwenye haya sana.

Sharti lako nalikumbuka. Ulinilea tangu dada yako, mama yangu, alipofariki, na ukanitia mwiko wa uashi mkononi. Kisha ulisema mbele ya watu: Athman ainue nyumba peke yake, mimi nisiwepo, na wenyewe wapike na walale ndani yake, siku hiyo atapewa Arafa. Kabla ya mvua za vuli, inshallah, nitakuwa nimelitimiza.

Mwanao,
Athman

*

Kipini,
19 Julai 1956

Kwa Athman.

Nimesomewa barua yako. Umeandika mengi juu ya nakshi na machache juu ya msingi, na hiyo ndiyo tabia yako tangu utotoni. Sikiliza. Huo udongo mweusi uchimbe wote, uutupe, mpaka ufikie mchanga. Hata ukifika shingoni, chimba. Jaza kifusi, kitwangwe, kimwagiwe maji, kitwangwe tena, na sakafu iinuke mikono miwili juu ya ardhi, maana mto wa Tana ukifurika hauombi ruhusa.

Chokaa ninayokutumia imelala shimoni mwaka mzima. Usiichanganye kwa pupa. Nenda siku moja pale kwenye magofu ya Ungwana ukaitazame chokaa ya wazee. Kuta zile zimesimama tangu zama ambazo hakuna anayezijua, na ukizikwaruza, mwiko ndio unaolia. Waliojenga hawakuwa na haraka ya kuoa.

Upana wa kila chumba ni mikono sita na si zaidi, kwa kuwa boriti ya mkoko ikizidi hapo hupinda. Nalikwambia mara mia, na hii ni ya mia na moja. Na zidaka ishirini na nne ni za nini? Wazee walitia zidaka wakapanga sahani za Kichina. Hiribae ana sahani ngapi?

Sharti ni lile lile.

Swaleh, kwa mkono wa binti yake

Yaliyo chini ya mstari huu Baba hakuyasema. Athman, umeandika kurasa mbili. Nimehesabu: mawe umeyataja mara nne, Dahabo mara moja, na hiyo moja ni kwa sababu hakukutazama. Jiko anataka liwe wapi? Maziwa huyaweka wapi? Umemuuliza? Mimi sidhani kama ana haya. Mwanamke mwenye haya huchungulia.

A.

*

Garsen,
2 Septemba 1956

Kwa Mjomba Swaleh.

Nilichimba mpaka shingoni kama ulivyosema, nikaukuta mchanga, na watu wakaja kutazama wakidhani nachimba kisima. Kuta sasa zimefika juu. Timazi nimeitia kila asubuhi na kila jioni, na uzi haukupotoka hata kidogo. Vyumba ni mikono sita. Boriti zimepanda juzi. Zidaka ni ishirini na nne, nisamehe, mkono ulikataa kuacha. Nimeupaka ukuta wa ndani chokaa laini mpaka Hiribae alijiona uso wake, au alisema hivyo kwa furaha. Mjomba, nilisimama pale nikalia peke yangu. Sikujua kuwa mkono wangu unaweza kazi hii.

Paa ni la makuti, yamekuja kwa lori la juzi.

Athman

Arafa, hapa ishia kumsomea Baba. Swali lako la jiko ni jema, lakini haya ni mambo ya ujenzi. Huulizwa aliyemwita fundi, na aliyeniita ni Hiribae. Jiko nimeliweka nyuma ya kiwanda, kama kwenu. Dahabo ataipenda akiingia. Nani asiyependa nyumba kama hii? Mwezi wa Mfungo Nane utakuwa mke wangu, kisha utaniuliza maswali yako yote.

*

Garsen,
30 Septemba 1956

Kwa Mjomba Swaleh.

Nyumba imekwisha. Makuti yamepigwa, mlango umetiwa. Hiribae amechinja fahali na watu wamekula. Watahamia siku yoyote kuanzia sasa. Niko mzima. Sina zaidi.

Athman

*

Kipini,
7 Oktoba 1956

Kwa Athman.

Mwanangu, nimefurahi hata nimeshindwa kumaliza uji wangu. Leo asubuhi nilipita barazani na kumwambia kila mtu. Wengine niliwaambia mara mbili. Mama yake Arafa amekwisha kuanza kuhesabu wapishi, na mimi nimeagiza mchele. Ikiwa wamekwisha kuhamia, andika tu, tupange siku ya Mfungo Nane.

Barua yako ni fupi lakini najua umechoka.

Swaleh

Baba ameondoka, anatembea kama kijana. Athman, Kazungu alikuja jana na chombo cha samli iliyotumwa na Hiribae. Nilimuuliza habari za nyumba. Alisema ni nzuri sana na mbuzi wanaipenda. Nikamuuliza mbuzi wepi. Akasema wale wanaolala dakani, kwa maana hakuna mtu mwingine anayelala humo.

Nimewahi kuruka maneno yako nikimsomea Baba, yale ya kunihusu mimi. Leo ni mara ya kwanza kumsomea kwa sauti kitu ambacho najua si kweli, naye alikuwa akitabasamu. Nimekasirika. Usimwandikie yeye mpaka uniandikie mimi kwanza, na uniambie yote.

A.

*

Garsen,
15 Oktoba 1956

Kwa Arafa peke yake.

Naona aibu, na sijui nianzie wapi.

Baada ya karamu, Hiribae alimwambia mkewe wahamie. Dahabo akasema yeye hana safari. Hiribae akadhani ni utani. Akahamia mwenyewe, akatandika mkeka wake chini ya zidaka zangu ishirini na nne. Akalala siku mbili. Hakuna aliyempikia. Siku ya tatu nilimwona asubuhi amesimama nje ya ile nyumba ya nyasi, mtu mrefu vile, anapiga hodi kwa upole. Alikaa nje mpaka chai ikapoa. Ndipo akaruhusiwa.

Nikaona nikazungumze na Dahabo mimi mwenyewe, nimweleze uzuri wa mawe. Nilimkuta na mama yake, Batula, na wanawake wengine wanasuka. Nikaanza kueleza habari za chokaa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake:

"Fundi, mlango ule nani nachagua?"

Nikasema mimi.

"Moto pale, nani naweka?"

Nikasema mimi pia.

"Basi nyumba yako hii. Wewe lala ndani."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha ukili. Mimi nikasema, lakini Mama, hii ni nyumba ya mumeo. Hapo akaacha kucheka. Alisema, "Hii nyasi naona, mama yangu na shangazi najenga mimi nikiolewa. Mimi ndiyo naweka mlango. Tukihama, mimi napakia. Siku ya hasira, Hiribae ndiyo natoka nje. Kwa nyumba yako ya mawe, siku ya hasira nani natoka?"

Kisha akaniambia miezi mitatu yote alikuwa akikaa pale mlangoni akingoja nivuke zile hatua arobaini nimuulize mlango uwe wapi. Kwao nyumba ni kazi ya wanawake na ni mali ya mwanamke, na mwanamume anayejenga bila kumuuliza mwenyewe huonekana hana adabu. Na mimi nikakuandikia kwamba ana haya!

Arafa, Hiribae hana neno nami, amekwisha kuridhika na kazi. Lakini hakuna anayepika wala kulala mle, na bila hayo Mjomba hatanipa wewe. Nimefikiria kumwandikia kwamba wamehamia. Kalamu ilikataa. Niambie nifanye nini.

Athman

*

Kipini,
22 Oktoba 1956

Kwa Athman.

Hasira yangu imepungua nusu. Ile nusu nyingine naihifadhi.

Mbona unashangaa, kana kwamba umezaliwa mbali? Hii nyumba tunayokaa sisi ni ya nani? Sema ya Baba, nikucheke. Ni ya mama yangu. Babu alimjengea alipoolewa, kama kila baba wa hapa anayejiweza anavyomjengea binti yake, na Baba akaingia humu na sanduku lake la nguo na mwiko mmoja. Umekulia ndani ya nyumba ya mwanamke, umekula jikoni mwake, kisha umekwenda Garsen ukaona jambo la ajabu. Dahabo na mama yangu wangekaa pamoja wangeelewana kabla kahawa haijachemka.

Nenda ukamuulize. Usiende kumweleza. Kaa chini, chini kabisa kwenye mkeka, na anachokwambia ukifanye, hata kama ni kuvunja. Najua ndipo panapokuuma. Unaupenda ule ukuta kuliko unavyonipenda mimi, au karibu.

Baba sijamwambia. Ananiuliza kila siku kama lori limepita. Jana alimpa Kazungu tende ili aharakishe barua. Siwezi kuendelea hivi muda mrefu, na mchele umekwisha kufika.

Mimi nataka kuolewa na wewe, Athman. Naliandika hapa mara moja ili usiwe na shaka, na sitaki unijibu juu ya hilo.

Arafa

*

Garsen,
18 Novemba 1956

Kwa Mjomba Swaleh.

Arafa, msomee Baba barua hii yote. Neno kwa neno. Hata panapokutaja. Naapa nitamuuliza nikija.

Mjomba, nilikudanganya. Mwezi wa tisa nilikuandikia kwamba watahamia siku yoyote, nami nilijua kuwa mke wa Hiribae amekataa kuingia. Alikataa kwa haki. Sikumuuliza lolote, na huku mwenye kuulizwa habari za nyumba ni mwanamke. Nilikuficha kwa kuogopa kumkosa Arafa. Naomba radhi.

Basi nilikwenda nikakaa kwenye mkeka wa Dahabo, nikamuuliza mlango uwe wapi. Aliinuka papo hapo, kama aliyekuwa amekaza viatu tangu Julai, akanipeleka upande wa pili, mbali na barabara, akaweka kisigino chake ukutani. Pale. Anataka akikaa awaone ndama wake bomani. Habari za wapita njia hazimhusu. Nikachukua patasi nikavunja ukuta wangu mwenyewe. Siku nzima. Nilikuwa nimeujenga vizuri mno, ulinitesa.

Kisha akatazama juu akauliza pembe za chumba zinafanya kazi gani. Akasema chumba ni chembamba kama njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji. Nikamweleza habari za boriti, mikono sita, mkoko hupinda. Akasema, "Toa hiyo." Nikatoa makuti ya vyumba vya ndani, ya daka nikayaacha. Nikatoa boriti. Akaniambia niuvunje na ukuta ulio kati ya msana na ndani. Ule wenye zidaka, Mjomba. Nikaomba anibakizie. Akaufikiria, akapima kwa chombo chake cha maziwa, kikakataa kuingia kidakani. Nikauvunja. Hiribae alitazama kwa mbali, akaenda kuchunga.

Sasa sikiliza, kwa sababu hili ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Wakaja wanawake kumi na mmoja, Batula akiwaongoza, na fito mbichi ndefu. Wakazisimamisha juu ya kuta zangu, miguu ya fito wakaichomeka katika matundu yale yale yaliyokuwa na boriti, wakazipinda zikakutana juu, wakazifunga kwa kamba za magome, wakatia nyingine za kukatiza, kisha nyasi, kisha mikeka. Siku tatu. Waliimba na kunituma maji. Batula hakunisemesha, aliniashiria tu kwa kidole, nami nilikwenda kila alikoashiria.

Mjomba, upana wa chumba kile ni mikono kumi na miwili na hakuna nguzo katikati! Nimesimama chini yake nikatafuta kinacholishika paa. Linajishika lenyewe. Miaka yote nimeamini kuwa chumba hakiwezi kuipita boriti. Nilijiona mdogo, na sikuchukia, nilifurahi.

Mvua ya kwanza imenyesha Jumatatu. Dakani, chini ya makuti yangu, palivuja mahali pawili. Chini ya paa la wanawake hapakudondoka hata tone. Maji yalijaa uwanjani, udongo ukavimba, na msingi haukutikisika, kwa hiyo ulichonifundisha wewe nacho kilifanya kazi. Jumanne Dahabo aliwasha moto ndani, akafukiza vyombo vyake vya maziwa, akapika. Wamelala humo tangu siku hiyo. Hiribae hupiga hodi kabla ya kuingia.

Lakini sharti lako lilikuwa niinue nyumba peke yangu. Sikuinua peke yangu. Mawe ni yangu, paa ni la Dahabo na jamaa zake, mlango ni wake, na shauri la kwenda kumuuliza lilikuwa la Arafa. Nikisema nimelitimiza nitakuwa nakudanganya mara ya pili. Kwa hiyo nakuachia wewe useme. Nampenda binti yako, na nitalikubali utakalosema, ingawa sijui nitalikubali vipi.

Athman

*

Kipini,
27 Novemba 1956

Kwa Athman.

Barua yako nimesomewa mara tatu. Mara ya kwanza nilikasirika nikatoka nje. Mara ya pili nilitaka kujua habari za paa. Mara ya tatu nilimwita mama yake Arafa asikilize, akacheka mahali ambapo mimi sikucheka.

Kwa ule uongo, utakapokuja utanichomea matanuri mawili ya chokaa, kuni utabeba wewe, na hakuna atakayekusaidia. Niliagiza mchele mbele ya watu kwa maneno yako. Hilo tumelimaliza.

Sasa niambie. Zile fito zimechomekwa kina gani? Mkono mzima au nusu? Na mahali zinapokutana juu, fundo limefungwaje? Fito zikikauka ukuta hausukumwi nje? Mikono kumi na miwili! Nimejenga miaka arobaini, na kila nyumba niliyojenga nimeipunja upana kwa ajili ya mti. Muulize huyo Mama Batula kama anaweza kupokea mgeni mzee mwezi wa kwanza. Nitakaa kwenye mkeka. Nitabeba maji pia, akiashiria.

Juu ya sharti. Ni kweli nilisema peke yako. Nilisema hivyo kwa kuwa nilitaka kujua kama unaweza kusimama bila mimi, na nikadhani kusimama ni kuinua mawe. Ukuta uliopakwa mpaka mtu akajiona uso umeuvunja kwa mkono wako kwa sababu mwenyewe hakuutaka. Mimi sijui kama ningeweza. Hilo neno la peke yako nalifuta.

Arafa atapata nyumba yake kama mama yake alivyopata. Kiwanja ni kile cha nyuma ya msikiti, msingi tunaanza Jumamosi ya kwanza ukifika, na wewe ndiye utakayechimba. Hakuna jiwe litakalowekwa kabla hajasema.

Haya, Arafa, andika: mimi Swaleh nimekubali kumwoza Athman binti yangu Arafa, mwezi wa Mfungo Nane, mwenyewe akiridhika. Andika. Mbona kalamu imesimama? Ulikuwa ukiandika mbio hata yale nisiyoyasema, unadhani sijui kwa nini wino wangu unakwisha upesi, na leo neno moja linakushinda? Andika kama umeridhika. Mama yako asicheke. Andika, mwanangu.

Athman, amejifunika uso kwa leso kisha ameinama tena juu ya karatasi. Anasema ameandika. Mimi herufi sizijui. Kama hakuandika, njoo umuulize mwenyewe.

Swaleh

Nimeridhika.